Vidole Havisahau

2 Machi

Mwanangu Mizani,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaifungua bahasha. Mimi sijambo. Nimefika salama, miguu imevimba kwa kukaa siku mbili kwenye kiti kimoja, lakini vyote nilivyoondoka navyo ninavyo, hata ile sweta ya bibi yako niliyotaka kuisahau makusudi. Mwambie mama yangu mwanawe anakula na analala. Na kibandani, lile komeo la chini huteleza usipoliinua kwa goti.

Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ya wageni, ngazi kumi na nne kutoka mlango wa nje, kitanda kushoto, beseni kulia. Simu ya hapa imefungwa kufuli na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya simu za nje ya nchi, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Daktari nimeonana naye. Jicho la kulia limeshakwenda, hilo tulilijua. La kushoto anasema presha inalila kwa ndani. Hawezi kurudisha kilicholiwa, ila anaweza kuizuia pale ilipofika, mradi apasue kabla ya mwisho wa Julai. Baada ya hapo, anasema, ni kufunga mlango mwizi ameshatoka. Hospitali haikuandiki kwenye orodha mpaka ulipe nusu ya gharama dirishani, taslimu, na kadi ya kigeni hawaigusi. Kwa hiyo kwanza lazima pesa itoke mashineni. Za mfukoni zinatosha chumba na chakula kwa wiki chache.

Usiwe na wasiwasi. Vidole vya fundi saa havisahau.

Baba yako mdogo,
Fundi


20 Machi

Baba Mdogo, shikamoo sana.

Sisi wazima. Bibi hajambo, kila jioni ananiuliza kama sweta umeivaa, nami namjibu umeivaa, kwa hiyo ivae nisiwe mwongo. Kibandani napita nikitoka kazini, nafuta vumbi na kuzitia ufunguo saa za ukutani ili zisilale. Yule mwalimu mstaafu amekuja mara ya tatu kuulizia saa yake. Nimemwambia fundi amekwenda kuongeza elimu. Kazini vifurushi ni vilevile: mtu anaapa ni nguo, nikiviweka kwenye mizani naona ni vyuma. Nimeacha kumwamini binadamu mwenye kamba mkononi.

Barua yako nimeifurahia, ila mistari inapanda juu kama sisimizi wanaokimbia mvua. Ulikuwa unaandikia kitandani?

Sasa la pesa. Kumbuka tulivyofanya mazoezi wiki nzima kwenye mashine ya benki ya kwetu. Ulisema jua linakuumiza macho, ukayafumba, nikakushika kidole nikakipeleka: juu, chini, pembeni, katikati. Siku ya tano ulikuwa unabonyeza huku unanisimulia habari za mechi. Fanya hivyohivyo. Namba usiiandike popote, na usimwombe mtu yeyote msaada pale mashineni. Wezi wa mahali pale huanza na huruma. Mimi ndiye niliyekukataza kubeba pesa zote mfukoni, kwa hiyo likikupata jambo nitajilaumu mimi.

Mwanao,
Mizani


9 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi kwa mama na kwako. Mvua imeanza huku na chumba kinavuja upande wa beseni, jambo ambalo si baya, maana beseni lilikuwa limekosa kazi.

Mizani, mashine imemeza kadi.

Nilikwenda asubuhi, iko ukutani mwa benki moja karibu na duka la viatu. Watu walipanga foleni nyuma yangu, wananipumulia shingoni. Nilibonyeza kama ulivyonifundisha, ikalia. Nikabonyeza tena, ikalia. Mtu mmoja nyuma akaniuliza kwa upole kama anisaidie. Nikakumbuka maneno yako, nikamwambia ashughulike na mambo yake, na sauti yangu haikuwa nzuri. Nikabonyeza mara ya tatu. Kadi haikurudi.

Kesho yake niliambiwa dirishani pa benki hiyo kwamba kadi za kigeni zikimezwa hukatwa vipande, hairudishwi hata moja. Makosa ni ya benki ya huko kwetu, watakuwa wamefunga akaunti bila kuuliza. Mimi nilibonyeza sawasawa. Nenda kawaamshe. Jina langu halijaandikwa kwenye orodha na pesa ya mfukoni inakwisha.

Mwandiko usikushangaze. Nimeungua dole gumba kwa pasi, naandika polepole, ndiyo maana mistari imenyooka.

Baba yako mdogo


27 Aprili

Baba Mdogo, shikamoo.

Bibi alishikwa na kifua juma lililopita, sasa amepona na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo ujue amepona kweli. Pole kwa dole gumba. Hata hivyo sijawahi kukuona na pasi maishani mwangu. Mashati yako nilikuwa nakunyooshea mimi.

Benki nimekwenda siku mbili mfululizo. Karani alinifungulia kumbukumbu akanionyesha: akaunti iko wazi, pesa ipo yote, namba ya siri iliyobonyezwa ilikosewa mara tatu. Nikamwambia baba yangu mdogo hufungua saa ya mkononi yenye vyuma vidogo kuliko chawa na kuvirudisha vyote, hawezi kukosea namba nne. Akanijibu kwamba mashine haina sababu ya kusingizia watu.

Mimi siwezi kuitoa pesa kwa niaba yako, na kadi mpya hawatoi, mpaka iletwe barua yenye sahihi yako, ifanane na ile uliyoweka siku ya kufungua akaunti. Iandike leo hiihii. Nimekufungia kidogo ndani ya soksi, ni mshahara wangu ukitoa kodi. Lipa chumba.

Baba Mdogo, ulibonyeza wewe mwenyewe, au ulimpa mtu kadi yako? Sikuulizi kwa ubaya.

Mizani


14 Mei

Mwanangu,

Soksi nimezipata, na kilichokuwa ndani kimelipa chumba mpaka mwisho wa mwezi. Mungu akuzidishie. Nimehamia chumba kingine, cha nyuma zaidi, kinapakana na mahali wanaponyooshea mashuka. Kina joto zuri na hakina ngazi. Chakula ni mara moja kwa siku, lakini tumbo la mzee ni dogo.

Barua ya benki hiyo ndani, na sahihi yangu. Kadi sikumpa mtu. Nilikulea tangu kaka yangu alipofariki, ukiwa na miaka sita na jino moja la mbele, na sikumbuki siku niliyokudanganya. Sasa unanihoji kama mwenye kifurushi. Mizani yako iache ofisini.

Daktari alinipima tena. Alinikumbusha Julai.

Baba yako mdogo


1 Juni

Baba Mdogo, shikamoo.

Nyumbani wazima. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo, unisamehe.

Benki wameikataa barua. Karani aliweka sahihi mbili kando kwa kando, nami nikaziona kwa macho yangu. Ile ya zamani ni yako, ina ule mkia unaopinda. Hii mpya imeanzia juu ya mstari, ikaishia pembeni mwa karatasi, na mkia umekwenda kukaa juu ya tarehe. Karani akasema, "Dada, aliyetia sahihi hii si mwenye akaunti." Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za benki, nikalia watu wananipita.

Nani anaandika barua zako? Mwandiko wa Machi ni wako. Kuanzia Aprili ni wa mtu mwingine, mtu aliyesoma vizuri, na anajua una pesa benki. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba Mdogo. Kama kuna mtu amekukalia kichwani, nijibu hili ambalo hakuna ajuaye ila sisi wawili: usiku ule baba yangu alipozikwa nilikataa kulala, uliniwekea nini sikioni?

Meneja ametoa njia moja. Atapokea alama ya dole gumba badala ya sahihi, daktari akiigonga muhuri wa hospitali na kuandika sababu. Lakini kwanza nijibu. Bila jibu sitafanya kitu, hata ukinikasirikia mpaka kiama.

Mizani


16 Juni

Mwanangu,

Nilikuwekea ile saa ya mfukoni ya babu yako, iliyovunjika kioo. Ukasema ndani yake kuna mtu anatembea. Nikakwambia ndiyo, anatembea usiku kucha ili wewe ulale.

Umeniuliza kama mwizi anavyoulizwa. Sawa. Alama ya dole hiyo ndani, na muhuri wa daktari. Fanya upesi, mwanangu. Yamenifika shingoni.

Baba yako mdogo

*

Dada, mzee amekwenda kunawa, naandika haraka. Mwandiko wote tangu Aprili ni wangu mimi. Ninafua na kunyoosha mashuka ya nyumba hii. Mama yangu alitoka upande wenu, ndiyo maana naijua lugha.

Haoni. Anaona dirisha, na anaona kivuli mtu akisimama mlangoni, basi. Alikuja hivyohivyo. Sahihi ile aliitia mwenyewe, alinikataza kumshikia mkono. Kila barua yako namsomea mimi, na ukimtania hucheka, halafu akiwa peke yake namsikia. Amenikataza kukuambia. Anasema ukijua hutamwachia tena afungue saa hata moja.

Daktari ananiambia hicho kidogo alichonacho kinaweza kubaki, wakiwahi. Anasema mtu anayeona dirisha na mtu asiyeona kabisa ni watu wawili tofauti. Mwenye nyumba alitaka kumtoa, nikamweka kwenye chumba cha kunyooshea. Sitaki malipo. Usimwambie kwamba nimekuambia.


30 Juni

Baba Mdogo, shikamoo.

Jibu lako ni sahihi, na nimelia tena, safari hii ndani ya nyumba. Bibi amekufumia soksi. Pole sana na dole gumba, natumaini linaendelea kupona.

Alama yako imekubaliwa. Nilikaa mbele ya mlango wa meneja siku tatu mpaka mfagiaji akanizoea. Kadi mpya imetoka na naituma leo pamoja na barua hii. Namba yake ya siri ni mpya pia, imekuja ndani ya bahasha iliyofungwa, niko nayo hapa mkononi. Taratibu ya benki ni kwamba kadi na namba havisafiri pamoja. Namba itafuata.

Vumilia kidogo. Jikaze.

Mizani


11 Julai

Baba Mdogo, shikamoo. Na wewe Mama wa Mashuka, salamu zako nazileta hapahapa, maana barua hii ni yenu wote wawili.

Baba Mdogo, najua kwamba barua zangu unasomewa. Sitasema zaidi ya hapo. Lililobaki utalisema mwenyewe siku ukitaka.

Namba hii nimeishika siku kumi na moja. Benki ilisema ningoje siku tatu tu. Nane zilizobaki ni zangu. Kila asubuhi niliiweka mfukoni niende kuituma, na kila jioni nilirudi nayo, kwa sababu siwezi kumpa Baba Mdogo namba bila kumpa na mtu nisiyemjua. Kadi iko huko kwenu, pesa ni ya maisha yake yote, saa moja moja kwa miaka thelathini. Nilimwambia bibi, nikidhani atanisifu kwa uangalifu. Bibi akaniuliza huyo mama amekula nini cha mwanawe mpaka leo. Nikasema hakuna, yeye ndiye anayemlisha. Akaniambia, "Basi unapima nini?"

Namba ni nane, moja, sita, tatu. Mama, msomee polepole. Akitaka kwenda mashineni, naomba umshike mkono. Mimi nilimkataza asisaidiwe na mtu, na sasa nalitengua neno langu.

Mizani


7 Agosti

Mwanangu Mizani,

Marahaba. Soksi za mama ninazo miguuni, mwambie zimenitosha. Naandika kwa mkono wa Mama wa Mashuka, na safari hii sina dole lililoungua.

Barua ya namba iliingia tarehe ishirini na sita. Tulikwenda siku hiyohiyo, mashine ileile ya karibu na duka la viatu. Nilimwambia anigeuzie mgongo, nitabonyeza mwenyewe, namba ninazo kichwani na kibao nakijua. Akasema sawa, ila kwanza akanishika kidole akakiweka juu ya kitufe cha kwanza kabisa, kona ya juu kushoto, akaniuliza, "Mzee, hapa ni ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Hapana, mzee. Hiyo ni saba."

Mashine za huku zimepangwa kinyume. Saba, nane, tisa ziko juu, moja, mbili, tatu ziko chini. Siku ile ya kwanza vidole vyangu havikusahau kitu. Vilikwenda kulekule ulikovifundisha, mara tatu, sawasawa kabisa, na mara tatu vilikuwa vinabonyeza namba ya mtu mwingine. Mtoto anayejua kuhesabu angeliona hilo kwa kutupa jicho mara moja. Nilisimama pale nimeshika ukuta, watu wakadhani naumwa.

Pesa ilitoka. Lakini mashine ina kiasi chake kwa siku, haizidishi hata ukiipigia magoti, na kila siku tulirudi na kidogo. Nusu ya gharama ilitimia siku ya nane, tarehe mbili Agosti. Tarehe tatu tulifika dirishani pa hospitali kabla halijafunguliwa. Wakapokea, wakaniandika kwenye orodha, wakanipeleka kwa daktari. Aliniwekea taa jichoni kwa muda mrefu. Halafu akaizima, akakaa karibu nami, akasema pesa yangu itarudishwa yote, maana hana tena cha kupasua.

Dirisha la chumbani lilinipotea machoni mwishoni mwa Julai. Niliamka nikadhani bado usiku, nikamuuliza huyu mama mbona ananyoosha mashuka usiku. Sikumwambia kwa nini nimeuliza. Yeye alijua.

Siku zako nane nimesomewa. Usizilee hizo, Mizani. Zangu ni nyingi zaidi. Nyuma yangu siku ile ya kwanza alisimama mtu, akauliza kwa upole kama anisaidie. Neno moja lingetosha, yeye angeniambia kwamba juu ni saba, na mwezi wa Aprili usingekwisha kabla sijalazwa. Neno lenyewe si refu. Nilikuwa nalo mdomoni tangu nyumbani, nikalificha kwenye jua, nikalificha kwenye pasi, nikamficha hata mwenye nyumba kwa kuhesabu ngazi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimenibakiza, kimechukua macho tu.

Nauli ipo. Tarehe ishirini nitapanda, Mama wa Mashuka atanikabidhi kwa dereva, na wewe unipokee stendi. Mwambie yule mwalimu mstaafu asiichukue saa yake, nataka nijaribu. Na mezani kwangu usihamishe kitu. Bisibisi ndogo kulia, koleo kushoto, kisahani cha vyuma katikati. Usipange vizuri, usifute vumbi, usigeuze kitu chochote. Nakuomba sana hilo.

Sasa nachukua kalamu mwenyewe. Amenishikia karatasi, mkono hakunishika. Mstari ukipanda juu ya ukuta, mwanangu, ufuate hukohuko.

Mizani, sioni.